Obama alizaliwa wapi? Kumbukumbu zinasema nini, na uvumi ulitoka wapi

Barack Obama, rais wa 44 wa Marekani, alizaliwa Honolulu, katika jimbo la Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961. Hilo limethibitishwa na kumbukumbu za serikali, magazeti ya wakati huo na maofisa wa vyama vyote viwili vikuu vya Marekani. Hata hivyo, dai kwamba alizaliwa Kenya, hasa Mombasa, bado linasambaa, na mara kwa mara hutumwa upya kwenye makundi ya simu likiwa na picha ya "cheti cha Mombasa". Kwa kuwa Kenya imetajwa katika uvumi huu tangu mwanzo, tumekusanya hapa madai makuu na kuyapima moja baada ya jingine.

Kumbukumbu zinasema nini

Cheti kamili cha kuzaliwa kinaonyesha kuwa mtoto alizaliwa saa 1:24 usiku katika hospitali ya wazazi ya Kapiolani, Honolulu. Mama ni Stanley Ann Dunham, miaka 18, mzaliwa wa Wichita, Kansas. Baba ni Barack Hussein Obama, miaka 25, mwanafunzi wa chuo kikuu, mzaliwa wa "Kenya, East Africa". Daktari aliyezalisha aliweka sahihi, na msajili akaipokea taarifa hiyo tarehe 8 Agosti 1961, siku nne baada ya kuzaliwa.

Cheti hicho hakisimami peke yake. Tarehe 13 na 14 Agosti 1961, magazeti mawili ya Honolulu, Advertiser na Star-Bulletin, yalichapisha kwamba Bwana na Bibi Barack H. Obama wamepata mtoto wa kiume tarehe 4 Agosti. Matangazo hayo hayakuletwa na ndugu wa familia. Magazeti yalikuwa yakipokea orodha ya vizazi kutoka idara ya afya, ndiyo maana majina ya watoto wengine yamo kwenye safu hiyo hiyo.

Kuna pia jalada la idara ya uhamiaji ya Marekani. Obama mkubwa alikuwa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza, hivyo maofisa walikuwa wakimfuatilia. Katika maelezo ya mwisho wa Agosti 1961, ofisa aliandika kuwa mwanafunzi huyo ana mtoto mmoja, aliyezaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti. Jalada hilo lilitolewa kwa umma miaka mingi baadaye chini ya sheria ya uhuru wa habari.

Kwa hiyo hospitali, msajili, magazeti na uhamiaji, kila mmoja kwa sababu zake, walirekodi jambo lile lile ndani ya mwezi mmoja. Hakuna aliyejua kwamba mtoto yule angekuja kugombea urais. Anayesema alizaliwa Mombasa hana budi kueleza jinsi wote hao walivyodanganya kwa pamoja, miaka 47 kabla ya uchaguzi.

Kwa nini mahali pa kuzaliwa lilikuwa jambo kubwa

Katiba ya Marekani inataka rais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 35 na awe ameishi nchini miaka 14. Anayezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia tangu kuzaliwa, hata kama baba yake ni mgeni. Hawaii ilikuwa jimbo tangu Agosti 1959, miaka miwili kabla ya Obama kuzaliwa.

Wapinzani wake walishikilia Kenya kwa sababu ya kifungu cha sheria ya uraia ya wakati ule. Mtoto wa mzazi mmoja Mmarekani na mzazi mmoja mgeni waliooana, akizaliwa nje ya nchi, alipata uraia ikiwa mzazi Mmarekani alikuwa ameishi Marekani miaka 10, na mitano kati ya hiyo iwe baada ya kutimiza miaka 14. Ann Dunham alikuwa na miaka 18 tu, hivyo asingeweza kutimiza sharti hilo. Kama mtoto angezaliwa Mombasa, uraia wake wa kuzaliwa ungeweza kupingwa. Kwa kuwa alizaliwa Honolulu, sharti hilo halikumhusu.

Punje ya ukweli ipo. Kupitia baba yake, Obama alizaliwa pia na uraia wa Kiingereza wa makoloni, na Kenya ilipopata uhuru akahesabiwa raia wa Kenya. Uraia huo ulikoma alipokuwa mtu mzima, kwa sababu Katiba ya Kenya ya wakati huo haikuruhusu uraia pacha. Lakini uraia unaorithiwa kwa baba hausemi mtu alizaliwa wapi.

Dai la 1: "Obama alikataa kuonyesha cheti"

Si kweli. Kampeni yake ilitoa cheti Juni 2008. Kilikuwa cheti kifupi, kile ambacho idara ya afya ya Hawaii huchapa kutoka kwenye kompyuta na kumpa mwombaji yeyote. Wasomaji wetu wanaifahamu tofauti hii: cheti unachopewa kaunta kina mambo ya msingi, na daftari la msajili lina maelezo zaidi. Cheti kifupi ni hati halali, na Mmarekani hukitumia kuombea pasipoti.

Agosti 2008 waandishi wa taasisi ya uhakiki ya FactCheck.org walikishika mkononi, wakapiga picha muhuri wa kubonyeza na sahihi iliyo nyuma. Oktoba mwaka huo mkurugenzi wa afya wa Hawaii, Chiyome Fukino, alitangaza kuwa ameiona kumbukumbu ya awali kwa macho yake. Fukino aliteuliwa na Gavana Linda Lingle wa chama cha Republican, ambaye katika uchaguzi ule alimuunga mkono John McCain, mpinzani wa Obama.

Cheti kamili kilitolewa tarehe 27 Aprili 2011, baada ya Donald Trump kulivalia njuga suala hilo kwenye televisheni kwa majuma kadhaa. Hawaii ilikuwa imeacha kutoa nakala za aina hiyo, hivyo Obama aliomba ruhusa maalumu, na wakili wake akasafiri hadi Honolulu kuchukua nakala mbili zilizothibitishwa.

Dai la 2: "Kipo cheti cha Mombasa"

Agosti 2009 mwanasheria wa California, Orly Taitz, aliwasilisha mahakamani picha ya hati aliyodai ni cheti cha Kenya. Hati hiyo ilikuwa ya tarehe 17 Februari 1964 na juu yake iliandikwa "Republic of Kenya".

Mwanafunzi yeyote wa Kenya anaweza kuona kasoro. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, lakini kwa mwaka mzima uliofuata mkuu wa dola aliendelea kuwa Malkia Elizabeth. Jamhuri ilitangazwa tarehe 12 Desemba 1964, na ndiyo maana ya Sikukuu ya Jamhuri. Februari 1964 hapakuwa na ofisi iliyotoa hati kwa jina la Jamhuri ya Kenya. Siku chache baadaye ilibainika kuwa hati hiyo imeigwa kutoka cheti cha mtu wa Australia, ambacho kilikuwa kimewekwa kwenye mtandao. Mpangilio ulikuwa ule ule, na hata namba ya kitabu na ya ukurasa zilikuwa zile zile.

Dai la 3: "Bibi yake alisema alishuhudia akizaliwa Kenya"

Dai hili linatokana na mazungumzo ya simu ya Oktoba 2008 kati ya mhubiri mmoja wa Marekani na Mama Sarah Obama, mke wa babu yake, aliyekuwa Kogelo, Siaya. Mama Sarah hakuzungumza Kiingereza, hivyo maneno yalipita kwa wakalimani na simu haikusikika vizuri. Mahali pamoja jibu lilitafsiriwa kana kwamba alikuwepo wakati wa kuzaliwa.

Sauti iliyosambazwa ilikatwa hapo. Katika rekodi kamili, mhubiri anauliza tena kama Obama alizaliwa Mombasa, na upande wa Kogelo unajibu zaidi ya mara moja kuwa hapana, alizaliwa Marekani, kisha Hawaii inatajwa kwa jina. Sisi tunaofanya kazi ya redio tunajua jinsi sekunde chache zikikatwa zinavyoweza kubadilisha maana ya mazungumzo yote. Mama Sarah alifariki Machi 2021, na sauti hiyo iliyokatwa bado inazunguka.

Dai la 4: "Cheti cha 2011 kilitengenezwa kwa kompyuta"

Waliofungua faili la Ikulu ya Marekani kwa programu ya picha waliona maandishi yamegawanyika katika tabaka, wakasema ni ushahidi wa kughushi. Joe Arpaio, aliyekuwa sherifu wa Maricopa, Arizona, alilirudia dai hilo kwa miaka kadhaa.

Maelezo yake ni ya kawaida. Mashine nyingi za ofisini, zinapochukua picha ya karatasi, hulipunguza faili kwa kutenganisha maandishi na rangi ya nyuma, na kila kipande kinahifadhiwa kama tabaka. Waliojaribu kwa karatasi nyingine na mashine ya aina hiyo walipata tabaka zile zile. Zaidi ya hayo, faili ni picha tu. Kumbukumbu yenyewe iko Honolulu, na idara ya afya imeithibitisha mara kadhaa.

Dai la 5: "Mwaka 1961 hapakuwa na nchi iitwayo Kenya"

Wengine wanasema cheti ni cha uongo kwa sababu kinamtaja baba kuwa mzaliwa wa "Kenya" kabla ya uhuru. Jina hilo lilikuwa rasmi tangu 1920, eneo lilipoitwa Koloni na Himaya ya Kenya. Dai hili lingeweza kuaminiwa tu na msomaji asiyeijua historia yetu.

Dai la 6: "Hata magazeti na mchapishaji wake walisema ni mzaliwa wa Kenya"

Hapa maandishi yapo kweli. Juni 2004 gazeti moja la Kenya lilimwita mzaliwa wa Kenya lilipoandika juu ya kampeni yake ya useneta. Pia kijitabu cha 1991 cha wakala wa vitabu wa Marekani kilisema hivyo, na mhariri aliyekiandika akaeleza mwaka 2012 kuwa lilikuwa kosa lake. Lakini kosa la mhariri miaka 30 baadaye halifuti kumbukumbu ya msajili iliyoandikwa siku nne baada ya kuzaliwa.

Tukubali pia mchango wa lugha yetu. Tunaposema "huyu ni mtoto wa Kogelo", tunataja ukoo, si wodi ya hospitali. Mtu wa Siaya aliyezaliwa Nairobi bado ni mtu wa Siaya. Kenya ilimshangilia Obama kama mwana wake, hata Rais Mwai Kibaki akatangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa siku ya mapumziko. Nje ya Afrika Mashariki fahari hiyo iligeuzwa kuwa ushahidi wa mashtaka.

Kwa nini ushahidi haukumaliza uvumi

Kesi zilifunguliwa katika mahakama mbalimbali na zikatupiliwa mbali. Kwa mujibu wa kura za maoni za Gallup, asilimia 24 ya Wamarekani waliamini mwezi Aprili 2011 kuwa bila shaka au huenda Obama alizaliwa nje. Baada ya cheti kamili kutolewa, idadi ilishuka hadi asilimia 13. Ushahidi ulisaidia, ila haukuwafikia wote. Trump mwenyewe alikiri Septemba 2016 kuwa Obama alizaliwa Marekani, miaka mitano baada ya kuonyeshwa cheti.

John McCain alizaliwa mwaka 1936 katika ukanda wa Mfereji wa Panama, nje ya majimbo yote ya Marekani. Seneti ilipitisha azimio la kumtambua kuwa raia wa kuzaliwa, na mjadala ukaisha bila kelele. Aliyezaliwa ndani ya jimbo ndiye aliyedaiwa karatasi kwa miaka minane. Baba yake alikuwa Mwafrika, na jina lake la kati ni Hussein. Ni vigumu kueleza tofauti hiyo bila kutaja mambo hayo mawili.

Jambo hili halituhusu kwa sababu ya Kenya tu. Shutuma ya "si mwenzetu" imetumika pia barani kwetu. Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia miaka 27, alitangazwa na mahakama mwaka 1999 kuwa si raia, kwa kuwa wazazi wake walitoka Malawi. Alassane Ouattara alizuiwa kugombea urais Côte d'Ivoire kwa hoja ya asili ya wazazi wake, na mgogoro juu ya nani ni raia halisi ulichangia vita vya 2002. Tanzania, mwandishi na mchapishaji Jenerali Ulimwengu aliambiwa mwaka 2001 kuwa si raia.

Ukiletewa "cheti" cha mwanasiasa

Kwanza, linganisha tarehe na majina ya nchi, mikoa na ofisi zilizotajwa. Je, yalikuwepo siku hati ilipotolewa? Pili, uliza nani anaitunza kumbukumbu ya awali na amesema nini. Msajili ana uzito kuliko picha ya simu. Tatu, tafuta kumbukumbu nyingine za wakati ule zisizotegemeana, kama gazeti, daftari la shule, la ubatizo au la uhamiaji. Nne, kama ni sauti au video, tafuta rekodi nzima kabla ya kuamini kipande.

Julai 2015, akiwa Nairobi kama rais, Obama alitania kwamba huenda wakosoaji wake nyumbani wanadhani amekuja kutafuta cheti chake cha kuzaliwa. Waliohudhuria karamu ya Ikulu walicheka. Cheti hicho kiko katika idara ya afya ya Hawaii, mahali kilipowekwa Agosti 1961.