Kabla ya Probox Kulikuwa na Pijo

Mji wetu una jina la kampuni ya mafuta, na hiyo kampuni yenyewe haipo tena. Kenya Oil Company ilianzishwa 1959, watu wakaiita Kenol kwa kifupi, kituo chake cha mafuta kikawa mahali pa kushukia, na makanga wakamaliza kazi iliyobaki. 2019 Rubis ya Ufaransa ikainunua, mabango yakabadilishwa, lakini mpaka leo sijasikia mtu akiambia dere "nishukishe Rubis". Kwa hivyo mkiniona naongea magari kila wiki, jueni natoka mahali ambapo hata jina ni petroli.

Swali ambalo mnanitumia sana ni lile lile: "Bro, niko na 700K, nichukue ndai gani?" Leo nitalijibu kwa njia ndefu, kwa sababu kwetu nyumbani swali hilo si la mchezo saa hii. Binamu yangu ana miaka 24. Ameachiwa kipande cha shamba la kahawa la guka, 50 kwa 100, na anataka kukiuza aweke deposit ya gari ya teksi ya app huko Nairobi. Jumamosi kuna kikao. Wazee wanasema hapana na hawaelezi. Yeye anasema hao wazee wenyewe walikuwa na magari wakiwa vijana, sasa yeye ananyimwa kwa nini?

Na hapo ana pointi. Walikuwa nayo. Swali langu ni waliyapata aje.

Uliza mzee yeyote kutoka Maragua mpaka Karatina gari ya maana ilikuwa gani, atakwambia Pijo. Peugeot 404 kwanza, halafu 504. Haikuwa matangazo ya TV. Ilikuwa Safari Rally, ambayo wakati huo ilikuwa mtihani wa gari mbele ya macho ya watu, kwenye matope yao wenyewe. 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Mwaka wa 1963 na ule wa 1968 magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Saba! Mengine yote yalibaki njiani. 504 nayo ikashinda 1975 na 1978. Sasa wewe ni mkulima, barabara yako ya kupeleka kahawa factory ni udongo mwekundu, mvua ya Aprili imenyesha, na umeona kwa macho yako ni gari gani ilitoka kwa matope. Utahitaji review ya nani tena?

Hiyo ndiyo review iliyokuwepo, na kwa maoni yangu ilikuwa bora kuliko zetu. Mimi nikipewa gari siku moja nirekodi video, ninajua nini kuhusu mwaka wake wa tano?

Halafu kuna 1973. Mzee Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila ile leseni ya uchukuzi iliyokuwa ngumu kupata. Kabla ya hapo zilikuwa za magendo, zikikimbizana na polisi. Baada ya hapo Pijo ya station wagon, ile ya viti safu tatu, ikawa ndiyo gari ya safari ndefu. Ilibeba watu haraka kuliko basi, na mtu mwenye moja aliheshimiwa kama mwenye duka. Cucu bado husema "nilipanda Pijo" akimaanisha alisafiri kwa heshima, si kama sisi tunaokaa sambaza kwenye Probox, tako moja ndani na lingine kwa Mungu.

Lakini doo ilitoka wapi? Hapa ndipo binamu yangu hafiki kwenye hadithi yake. Julai 1975 baridi kali iliua kahawa Brazil. Bei ya dunia ikapanda vibaya, na 1977 ikafika juu kabisa. Mlimani hapa wenye miti ya kahawa waliona pesa ambayo hawakuwa wamewahi kuona. Watu walijenga nyumba za mawe, wakalipa karo, na wengine wakanunua pickup. Guka alipata 404 pickup ya mkono wa pili wakati huo. Alilipa na kahawa, yaani na matunda ya shamba. Shamba lenyewe halikuguswa. Gari ikazeeka, ikawa banda la kuku (sitanii, kuku walitaga kwenye kiti cha dereva), na shamba likabaki pale pale kama halikuhusika.

Kitu kingine: 504 ilikuwa inaunganishwa hapa hapa Kenya, mpaka 2004. Serikali ya wakati huo ilibana uingizaji wa magari na kusukuma viwanda vya kuunganisha, Mombasa, Nairobi na hapo Thika kwa jirani. Faida yake ilikuwa mafundi. Magari ya aina chache, kwa hivyo kila fundi wa jua kali aliyajua kama kiganja chake, na spea zilikuwepo. Ubaya wake ni kwamba ulichagua kati ya vichache, na bei ilikuwa ya kuumiza. Wale wanaolilia enzi hizo kwenye comments wanasahau kwamba watu wengi hawakuwa na gari kabisa. Kijiji kizima kilikuwa na Pijo mbili, na zote mbili zilikuwa za kukodi mtu akizidiwa usiku.

Kisha mambo mawili yakagongana. Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa uliokuwa unashikilia bei ulivunjika, bei ikaanguka. Kuna wakulima waliong'oa miti ingawa sheria ilikataza, wengine wakaacha magugu yafanye kazi. Miaka minne baadaye, 1993, Kenya ikafungua soko, na magari ya mitumba kutoka Japani yakaanza kumiminika Mombasa. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia kama wetu, na huko kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, ghali kiasi kwamba mwenye gari huona heri aiuze kabla haijazeeka. Taka yao ikawa ndoto yetu. Kwa hivyo wakati ule ule mkulima wa mlimani alipokuwa anaishiwa, gari ikawa rahisi kuliko ilivyowahi kuwa. Pijo haikushindwa na barabara. Ilishindwa na hesabu.

Nissan za abiria 14 zikachukua barabara, na 2004 John Michuki, mtu wa Kangema hapa Murang'a, akazifunga mikanda na vidhibiti mwendo. Probox ilizinduliwa Japani 2002 kama gari ya kazi ya makampuni, ya kubeba makaratasi na vipuri. Sheria yetu inakataa gari iliyozidi miaka minane, basi ikachukua muda kufika kwa wingi. Ilipofika, mlimani iliokotwa kama ilitengenezwa kwa ajili ya mitaro yetu. Watu huicheka. Mimi siicheki. Ni 504 ya kizazi chetu: haina urembo, fundi yuko kila kona, na ukiiuza Ijumaa imenunuliwa Jumamosi.

Sasa turudi kwa 700K. Gari ya mtumba ya injini ndogo ikifika bandarini, kuna ushuru wa forodha 35%, juu yake excise 20%, juu ya yote VAT 16%. Piga mwenyewe: kwa kila shilingi 100 ambazo KRA inasema gari ina thamani, unaongeza karibu 88, na bado ada ndogo ndogo hazijaingia. Mnakumbuka Desemba 2015 walipoweka excise ya laki mbili kwa kila gari iliyozidi miaka mitatu, Vitz na V8 sawa? Walirudi kwenye asilimia mwaka uliofuata. 2024 wakajaribu kodi ya kila mwaka ya 2.5% ya thamani ya gari, sisi tukaingia barabarani, Finance Bill nzima ikaondolewa. Karibu nusu ya unacholipia yadi hakina magurudumu. Kikishaingia serikalini hakirudi ukiuza.

Ndiyo maana jibu langu kwa wengi wenu ni la kuchosha: gari ambayo fundi wa mtaani kwako ameifungua mara mia, iliyokwisha lipiwa ushuru na mtu mwingine, na usiguse mkopo wa logbook. Kama ni kazi ya teksi, anza na gari ya mtu kwa hesabu ya kila siku, miezi sita, uone kama jioni kunabaki kitu baada ya mafuta na kamisheni. Nilimwambia binamu hivyo. Nikamwambia pia kwamba guka alinunua gari na kahawa ya msimu, na yeye anataka kununua na udongo.

Akacheka. Akaniuliza kilo moja ya cherry ililipwa pesa ngapi mwaka ambao baba yake alikuwa mgonjwa, na kama hiyo pesa ilitosha hata fare ya kwenda kliniki. Akaniambia niangalie barabara mpya ya Kenol mpaka Marua, kilomita 84, njia mbili kila upande, na mabango ya ploti yaliyopandwa kandokando mahali palikuwa na miti. "Wote wameuza," akasema. "Mimi nikingoja kahawa ipande kama 1977, nitangoja baridi ya Brazil?"

Kikao ni saa nne asubuhi. Cucu ameshasema lazima niwe hapo, na niende na hizo hesabu zangu zimeandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu.