Karotini

Karotini ni rangi ya asili ya mimea, kuanzia manjano hadi rangi ya chungwa. Huonekana wazi katika karoti, maboga, maembe, viazi lishe na mafuta ya mawese yasiyosafishwa. Imo kwa wingi pia katika mchicha, matembele na kisamvu, ila humo imefichwa na ukijani wa klorofili. Mkemia Mjerumani Heinrich Wackenroder aliitoa kwenye karoti mwaka 1831, na ndiko lilikotoka jina lake.

Sifa nyingi husemwa juu ya rangi hii. Iliyothibitika kupita zote ni kwamba aina yake iitwayo beta-karotini hugeuzwa na mwili kuwa vitamini A. Mtoto anayeikosa vitamini hiyo huanza kwa kujikwaa ovyo giza linapoingia. Asipotibiwa, macho hukauka, konea hufanya vidonda, naye hupofuka kabisa; tena surua na kuhara vikimpata humwelemea upesi.

Kula tu hakutoshi. Mikrogramu 12 za beta-karotini iliyo kwenye chakula huhesabiwa sawa na mikrogramu 1 ya vitamini A, na haifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Mchicha wa kuungwa kwa tui la nazi au mawese, basi, una faida kuliko wa kuchemshwa kwa maji matupu. Jua nalo huiharibu, ndiyo maana michembe ya viazi lishe ni afadhali ikaushwe kivulini.

Viazi vitamu vyeupe, ambavyo wengi Afrika Mashariki wamevizoea, karibu havina karotini. Kwa kueneza viazi lishe barani, Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade na Jan Low walitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, pamoja na Howarth Bouis.

Vidonge ni habari nyingine. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki utafiti uliotarajiwa kuonyesha kwamba beta-karotini huzuia saratani. Matokeo ya 1994 yaliduwaza: waliomeza miligramu 20 kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Utafiti kama huo nchini Marekani ulisitishwa mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo. Mvutaji sigara hashauriwi kumeza vidonge hivyo. Karoti na maboga hayana hatari hiyo. Anayeyala kupita kiasi huishia kuwa na viganja vya manjano, na akipunguza, rangi hutoka yenyewe.