Gari linagonga au linalia pa-pa-pa: jua tatizo lilipo kabla hujanunua spea

Mlio wa ghafla kwenye gari unatia hofu, hasa ukiwa mbali na mjini. Wengi wetu hukimbilia kwa fundi na kusema tu "gari linagonga." Fundi naye anaanza kubahatisha, na kila anapobahatisha wewe unalipa. Mimi niliwahi kununua shokapu mbili za mbele za Probox, kumbe kilichokuwa kinagonga ni linki ya stabilaiza, kifaa cha bei ndogo kabisa ukilinganisha na shokapu.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: mlio unatokea lini? Jibu lake ndilo linaloonyesha pa kuangalia.

Kabla ya yote: nati za tairi

Kama mlio umeanza baada ya kubadilisha tairi, simama kwanza ukaze nati zote. Kaza kwa kupishanisha, nati moja kisha ile ya upande wa pili. Tairi lililolegea hugonga, na mwisho wake huchomoka.

Ukikata kona: ta-ta-ta-ta

Gari linalovutwa na matairi ya mbele, kama Probox au IST, lina sivi jointi, yaani kiungo kilicho mwisho wa shafti inayozungusha tairi. Nenda uwanja wa wazi, kata usukani wote, kisha zunguka polepole ukikanyaga mafuta kidogo. Fanya hivyo kulia na kushoto. Ukisikia ta-ta-ta inayoongezeka kasi pamoja na gari, kiungo hicho kimelika.

Mara nyingi chanzo ni kava lake la mpira kupasuka. Grisi inaruka nje, vumbi na maji vinaingia. Chungulia nyuma ya matairi ya mbele: ukikuta grisi imetapakaa na mlio bado haujaanza, badilisha kava na kuweka grisi mpya. Ukichelewa hadi kianze kulia, utanunua kiungo chenyewe. Kikikatika njiani, injini itanguruma lakini gari halitasogea.

Ukipita kwenye mashimo: ko! ko!

Hapa ndipo mafundi wanasema gari linagonga miguu. Vya kukagua ni hivi:

- Linki ya stabilaiza: hugonga kwenye vishimo vidogo ukiwa mwendo mdogo. Gari likiwa chini, ishike kwa mkono uitikise. Ikicheza, imekufa.
- Bushi na shokapu: angalia mpira uliopasuka, au mafuta yanayovuja kwenye shokapu.
- Mauntini ya juu ya shokapu: hutoa mlio hata ukizungusha usukani gari likiwa limesimama. Mwenzako azungushe usukani, wewe weka kiganja juu ya mauntini usikie kama inaruka.
- Boljointi: hii usiifanyie mzaha.

Boljointi ndiyo inayoshikilia mguu wa tairi. Ikichomoka, tairi linalala na gari halishikiki tena. Dalili zake ni mgongo mzito kwenye mashimo, usukani kuyumba, na tairi kulika upande mmoja. Kuipima, inua gari kwa jeki na uweke stendi au gogo imara. Usitegemee jeki peke yake, na usitumie tofali kwa sababu hupasuka. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwenzako aangalie kinachocheza ni boljointi au ni beringi ya tairi. Vyovyote iwavyo, usipakie abiria mpaka litengenezwe.

Ukiingiza gia au kuachia mafuta: tu!

Mshindo mmoja wakati wa kuingiza gia au kukanyaga mafuta ghafla mara nyingi ni mauntini ya injini iliyokatika. Injini inaruka kidogo na kugonga.

Ekzosi inapiga kama risasi

Kwenye gari la petroli, mlipuko wa ekzosi maana yake ni kwamba petroli haikuungua yote ndani ya injini, ikaenda kuwakia kwenye bomba. Kagua plagi, koili na waya zake kwanza. Injini ikiwa inapiga misi pia, hapo ndipo pa kuanzia.

Usiendelee kuendesha hivyo kwa siku nyingi. Petroli hiyo huunguza masega ya ekzosi, na masega yakipata moto mkali yanaweza kuwasha majani makavu. Gari la namna hiyo usiliegeshe juu ya nyasi.

Kama mlio ni pu-pu-pu za haraka zinazofuata mwendo wa injini, huenda gasketi ya ekzosi inavuja. Fungua vioo na uwahi gereji, kwa sababu moshi ukiingia ndani ya gari una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua.

Ukizima gari na kusikia tik… tik… chini, usiwe na wasiwasi. Ni chuma cha ekzosi kinapoa.

Tumia simu yako

Abiria, na siyo dereva, arekodi mlio huo kwa simu. Mtumie fundi pamoja na majibu ya maswali manne: mlio unatokea lini? Unatoka upande gani? Gari lilikuwa mwendo gani? Injini ilikuwa baridi au moto? Fundi mzuri atakuambia kama gari liendeshwe hadi kwake au yeye aje ulipo.

Na ukifika gereji, mwambie akuonyeshe kifaa kinavyocheza kabla hujatoa hela ya spea.