Utohozi: Riwaya Inapohamia Kwenye Filamu

Kwenye vibanda vya kuuza muvi pale Soweto, Moshi, filamu ya nje ni ya aina mbili tu: iliyotafsiriwa na isiyotafsiriwa. Ukimpa kijana flashi yako na kumwomba akuwekee Devdas, atakuuliza hilo kwanza. Iliyotafsiriwa ni ile ambayo msimuliaji wa aina ya Lufufu ameitia sauti, akawasemea wahusika wote, wa kike kwa wa kiume, na kuchomekea utani wake. Kwa kazi hiyo neno "tafsiri" linatosha. Linatuangusha pale tunapotaka kueleza kwamba Devdas, kabla ya kuwa filamu, ilikuwa riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay, iliyochapishwa mwaka 1917.

Walimu wa fasihi hapo huleta "utohozi". Wameliazima kwa wanaisimu, ambao kwao kutohoa ni kulichukua neno la kigeni na kulipa matamshi ya kwetu. Unguja walitohoa "skuli" kwa Mwingereza, sisi huku bara tukatohoa "shule" kwa Mjerumani. Hakuna anayelalamika kwamba mama wa Kichaga anayempeleka mwanawe shule halitamki neno hilo kama linavyotamkwa Berlin. Likishaingia kwenye Kiswahili, linafuata sheria za Kiswahili.

Wapo wanaosema "marekebisho", neno linalonikera, maana linadokeza kwamba kitabu kilikuwa na kasoro na sasa kimepata fundi. "Tafsiri" nayo ina ahadi ndani yake. Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, hakuwa na ruhusa ya kumwacha Brutus nje kwa sababu hadithi imekuwa ndefu. Mtohozi ruhusa hiyo anayo, na ndiyo inayozua ugomvi.

Kwetu ugomvi huo una mfano mzuri sana: Vuta N'kuvute. Riwaya ya Shafi Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, ikasomwa na vidato vya tano na sita, na kwa wengi ndiyo hadithi ya mapenzi waliyoijua darasani: Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa Raza, mwanamume wa makamo ya baba yake, na Denge, kijana wa siasa anayesakwa na polisi wa Mwingereza. Amil Shivji akaitohoa kuwa filamu. Mwaka 2021 ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001.

Anayeitazama mara ya kwanza akiwa amekisoma kitabu huwa kama karani wa ghala, anahesabu kilichopungua. Kwenye riwaya, Yasmin anaolewa kwanza, anaishi na mumewe, anamchoka, anamtoroka, anahamia kwa Mwajuma, ndipo Denge anaingia maishani mwake. Filamu haina subira hiyo. Inawakutanisha usiku, Yasmin akiwa njiani kwenda kuozwa. Safari ndefu ya moyo wake imekuwa tukio moja.

Ukiirudia ndipo unapoona kilichoongezeka. Msimulizi wa Shafi anaingia moyoni mwa Yasmin na kutueleza anachokiona humo. Kamera haina mlango huo, kwa hiyo Shivji anategemea vichochoro, giza na taarabu. Mwajuma amechezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji hasa, na kitabu chochote, hata kingeandikwa na nani, hakiwezi kukupa koo lile. Kwa maoni yangu filamu imekuwa na haraka mno na ndoa ya Raza. Chuki ya Yasmin ingekuwa na uzito zaidi tungekaa naye kidogo mle ndani. Lakini hilo ni kosa la utohozi, na lipimwe kwa mizani ya filamu.

Wahindi wamelizoea jambo hili. Katika riwaya ya Devdas, Paro na Chandramukhi hawakutani kabisa. Mwaka 2002 Sanjay Leela Bhansali aliwakutanisha, tena akawachezesha pamoja, Aishwarya Rai na Madhuri Dixit, na ngoma hiyo ndiyo watu wengi wanayoikumbuka wakisikia jina la filamu.

Kwa matumizi, basi: riwaya hutoholewa kuwa filamu, anayeifanya kazi ni mtohozi, na "imetokana na riwaya ya" ibaki kwenye mabango, ambako haimdhuru mtu. Darasani inadhuru, maana haisemi kwamba hadithi imebadilishwa. Mwanafunzi aliyeona filamu tu anaweza kuandika kwenye mtihani kwamba Denge alimkuta Yasmin usiku akipelekwa kuozwa. Msahihishaji atamkata maksi kwa haki kabisa: swali lilimhusu Shafi, yeye amemjibu Shivji.