KADI YA MTOTO NA DOLA 20 (Sehemu ya 4)

Leo tuongelee pesa za chanjo, maana kuna historia inayoihusu ile kadi ya kliniki uliyoiweka kabatini.

Mwaka 2000 ulizinduliwa ushirika wa Gavi, wa kuzisaidia nchi maskini kupata chanjo. Mfuko wa Bill na Melinda Gates uliahidi dola milioni 750 za kuanzia. Wakaja na mpango ambao ukiusikia unaona una akili: nchi ikiongeza idadi ya watoto waliochanjwa, inalipwa dola 20 kwa kila mtoto wa nyongeza. Kipimo kilikuwa dozi ya tatu ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, zile ambazo leo ziko ndani ya sindano ya wiki ya 14.

Sasa jiulize, nani anahesabu? Ni nesi wa kliniki. Mtoto akichomwa, anaweka alama kwenye karatasi. Mwisho wa mwezi alama zinajumlishwa, ripoti inaenda wilayani, wizarani, mpaka kwa mfadhili. Wakaguzi walikuwepo, ila walilinganisha karatasi na karatasi: namba ya kituo ndiyo iliyofika wilayani? Nyumbani kwa mama hawakufika.

Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Stephen Lim wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha matokeo kwenye jarida la Lancet. Walichukua ripoti za serikali wakazipima na tafiti za kaya, zile ambazo mtu wa takwimu anakuja nyumbani anaomba kuona kadi ya mtoto, na kama haipo anamuuliza mama. Kwa nchi 51 zilizokuwa kwenye mpango hadi 2006, ripoti zilisema wameongezeka watoto milioni 13.9. Tafiti za kaya zikaonyesha milioni 7.4.

Yaani milioni 6 na nusu walikuwa kwenye karatasi tu!

Tuseme haki: watoto milioni 7.4 si mchezo, msaada ulifanya kazi. Na si kila namba iliyozidi ni wizi. Alama ikiwekwa kabla ya sindano, au dozi ya pili ikiandikwa ya tatu, hesabu inaharibika hata bila pesa. Shida ni kwamba pesa ikishafungwa kwenye namba, kosa linalopunguza litatafutwa usiku kucha, lakini linaloongeza halina wa kulisahihisha.

Na anayeumia ni mtoto. Wilaya ikionekana kwenye ripoti imechanja karibu wote, nani atatuma gari la chanjo kule kijijini kwa waliobaki? Kifaduro hakisomi ripoti, mama.

Baadaye mpango ule wa dola 20 uliachwa, na Gavi wakaanza kutumia makadirio ya WHO na UNICEF, ambayo yanaangalia na tafiti za kaya. Ukifikiria vizuri, kadi za akina mama ndizo zilizosahihisha hesabu za wakubwa. Kwa hiyo:

1. Usiondoke kliniki kabla hujaona tarehe ya leo imeandikwa kwenye kadi.

2. Mtu wa takwimu akija, mtolee kadi. Usimwambie "kachanjwa zote" ili kumfurahisha.

3. Mtoto kakosa dozi? Mlete. Anaendelea pale alipoishia, haanzi upya.

4. Kadi imepotea? Rudi kituo ulichochanjia, waangalie kwenye rejesta.

Hebu kaifungue kadi ya mwanao sasa hivi. Dozi ya tatu ina tarehe? Niambie hapo chini. Sehemu ya 5 tutaongelea surua.