Kipima Oksijeni na Moyo wa Mtoto Mchanga: kutoka Tokyo hadi Bonde la Ruzizi

Kabla ya kuja kwa kipima oksijeni, yaani kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni au kufungwa mguuni ili kukadiria oksijeni iliyobebwa na damu, mkunga alitegemea macho yake kumtambua mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo, ingawa juu ya ngozi nyeusi ubluu wa midomo na ulimi unaoweza kuashiria kasoro hiyo ni vigumu kuonekana mapema. Mwaka 1974 mhandisi Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden ya Tokyo, alieleza namna ya kupata kiwango cha oksijeni katika damu kwa kulinganisha aina mbili za mwanga zinazopenya mshipa unaopiga, bila kutoa hata tone la damu. Mwaka 2011 Marekani ilipendekeza watoto wachanga wote wapimwe kwa kifaa hiki ili kutambua kasoro za moyo, katika mkono wa kulia na mguu, kwa kawaida baada ya saa 24.

Kanuni hiyo ya upimaji haihamishiki kirahisi hadi Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, kwa kuwa Bukavu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huweza kushusha kidogo kipimo hata cha mtoto mwenye afya, ilhali Sange, katika Bonde la Ruzizi kwenye barabara ya Uvira, iko chini zaidi. Lililo zito zaidi ni kwamba utafiti wa Marekani wa mwaka 2020, uliofanywa kwa wagonjwa watu wazima, ulionyesha kuwa kifaa hiki huficha upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kwa watu weusi.