Mafundi wa Mnara wa London

Kila mgeni anayefika London huoneshwa Mnara Mweupe, na huambiwa kwamba ulijengwa na Mfalme William. Sisi wanachama tulipoutembelea tulijiuliza: yeye aliinua jiwe lipi?

William, mtawala wa Normandy, aliiteka Uingereza mwaka 1066. Mnara ulianza kujengwa katika miaka ya 1070, Gundulf, askofu wa Rochester, akisimamia kazi, na ulikamilika karibu na mwaka 1100. Kimo chake ni mita 27 hivi.

Kazi hiyo ilitaka mafundi wa kila aina. Waashi walichonga mawe, mengine yakiletwa kwa merikebu kutoka Caen, kwao Normandy. Wapo waliochoma mawe kupata chokaa ya kujengea, kama wazee wetu wa pwani walivyochoma matumbawe. Maseremala walifunga majukwaa na kupasua mbao za sakafu na paa. Wahunzi walinoa patasi zilizokuwa butu na kufua misumari na bawaba za milango. Ngome ilipokaliwa, ilihitaji pia waoka mikate, wapishi na watengeneza mapipa.

Si wote waliokuja kwa hiari. Kumbukumbu za miaka za Waingereza wa wakati ule zinasema kwamba mwaka 1097 watu wa majimbo yaliyodaiwa kazi London waliteseka sana kwa ujenzi wa ukuta wa kuuzunguka mnara. Majina yao hayakutajwa.

Hata hivyo, lugha imehifadhi kazi zao. Jina la ukoo Smith maana yake ni mhunzi, na Baker ni mwoka mikate. Hayo ni maneno ya Kiingereza cha kale. Mason, yaani mwashi, na Carpenter, yaani seremala, yalitokana na Kifaransa cha watawala. Fundi wa mbao wa Kiingereza cha kale, Wright, hakufutika. Jina lake bado lipo pamoja na Carpenter. Nasi tunalijua jambo hilo: meza tuliipata kwa Wareno, lakini mhunzi na mfinyanzi wamebaki na majina yao ya Kibantu.

Basi tukikaa darasani na mwenzetu aitwaye Smith au Mason, tumeketi na jina lililotoka kazini. Mfalme ana sanamu na vitabu. Fundi ameachiwa jina tu, na hata hilo tunaliita kila siku bila kulisikia.